Jina la Zachariah Nyangau kwenye Jiwe la Klabu ya Boti

Mwaka umezunguka, Baba Phanice, tangu tukulaze kando ya migomba yako hapa Mosocho.

Ulikuwa fundi wa mashine za posho, mtu wa milimani asiyejua kuogelea hata dimbwini. Watu walicheka ulipoanza kubeba injini za boti kwa pikapu hadi ziwani Kendu Bay. Wewe na Aloo, seremala wa boti, mkaanzisha klabu ya mashindano mwaka wa 1994 kwa boti mbili, moja ikivuja.

Jumamosi hukugusa injini. Sabato ni Sabato. Jumapili, siku ya mashindano, hukusikia la mtu. Mpinzani akizimikiwa injini katikati ya maji, uligeuka ukamvuta. Ndiyo maana hukushinda mara nyingi.

Sheria yako iliwaudhi wenye vitambi: wa mwisho humbebea mshindi injini begani mpaka barabarani.

Mwenyekiti wa klabu, Omwenga, hakungoja nyasi ziote kaburini. Jiwe la klabu, lililochimbwa Tabaka, lenye majina ya waanzilishi alilipiga msasa, lako likatoka, lake likaingia. Mkeo Tryphosa alipouliza, alijibiwa mbele ya wanachama:

"Mama Phanice, marehemu hapandi boti. Ukitaka jina lirudi, shindeni mashindano."

Tryphosa alishukuru kwa adabu. Akamwomba ayaandike maneno hayo kwenye kitabu cha mikutano, kwani yeye ni mzee, husahau. Omwenga akaandika, akatia sahihi, maskini.

Agosti hii bintiyo Phanice alivuta kamba ya injini yako kuukuu mara moja tu, ikaitika. Akashinda. Omwenga alikuwa amepakia mpigapicha mnene wa kumpiga picha akishinda; boti ikalemewa, akafika wa mwisho.

Akabeba injini yako begani, oili ikimchirizika kwenye shati jeupe. Tryphosa alimfuata nyuma akimhimiza:

"Polepole, mwanangu. Marehemu ni mzito."

Mpigapicha alipata picha nzuri sana.

Jina lako limerudi. Tryphosa alimwambia mchongaji Okemwa achimbe kwa kina, ili atakayetaka kulisugua tena alazimike kulitoboa jiwe. La Omwenga hatukuligusa. Liko chini ya lako, asome lako kwanza.

Unakumbukwa na mkeo Tryphosa, bintiyo Phanice, nduguyo Mose wa Kiogoro, wajukuu wote, na rafiki yako Aloo.

Hatutakusahau kamwe. Wala Omwenga hatutamsahau.