Bani Lililoungua Ukiwa Makaburini

Baba yangu, shikamoo.

Najua huwezi kunijibu. Ni mwaka wa pili huu tangu tukuzike hapo Namtumbo, lakini jambo lenyewe ni lako na limenikaa kooni. Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda changu cha ufundi simu, Msamala, mjini Songea. Ni mchana, wateja wamepungua.

Unakumbuka nilivyokuja na kale kabodi ka kielektroniki? Kadogo kama kiberiti, kana waifai yake, bei haifiki hata ya jogoo. Nilikaunganisha na kipima joto, nikakaning'iniza ndani ya bani, lile banda lako la kukaushia tumbaku kwa moto, katikati ya majani, ili joto nilisome kwenye simu yangu huku mjini. Ulikachungulia weee, ukauliza, "Sasa huyu mkaguzi anakula nini?" Nikakujibu anakula betri. Ulicheka mpaka ukakohoa, na tangu siku hiyo jina likawa Mkaguzi.

Nilikatengeneza kwa sababu ya misiba. Tumbaku ikiwa bani ulikuwa hubanduki. Moto ukilala majani yanaoza, ukitoa miali bani linaungua. Misimu miwili hukwenda kuzika, na watu wakaanza kukusema. Ulijitia hujali. "Marehemu atanielewa," ulisema, lakini nilikuona ulivyoumia.

Mtandao wa kabodi ulitoka kwenye simu yako, na hapo ndipo nilipoboronga. Nilikwambia, "Baba, simu usiizime." Basi. Sikukwambia kwamba lazima ibaki palepale karibu na bani. Siku ya kumzika jirani yetu ulivaa koti lako, ukaitia simu mfukoni ikiwa inawaka, kama nilivyokuagiza. Mama naye alikuwa hukohuko msibani, anapika na wenzake. Kabodi kakakosa mtandao. Na ule ukurasa wa kusomea joto kwenye simu yangu, niliouandika kwa mikono yangu, haukunionya. Uliendelea kuonyesha namba ya mwisho tu.

Ulinipigia ukiwa makaburini.

"Mwanangu, Mkaguzi anasemaje?"

"Nyuzi thelathini na nane. Tulia, Baba. Zika."

Ukatulia, ukazika. Mliporudi, bani lilikuwa majivu, na tumbaku yote ya msimu humo ndani.

Kesho yake nilifungua programu nikaliona kosa. Nikafunga mdomo. Kwenye kikao cha wakulima walipokuuliza, ulisema, "Nilisahau moto, ndugu zangu. Uzembe wangu." Simu hukuitaja, wala mimi hukunitaja. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nasikia kila neno, nikawa natazama viatu vyangu. Baadaye ukaugua ukaenda, na hatukuwahi kulizungumza. Jina la mzembe likabaki kwako. Hata Kaka, watoto wake wakiunguza ugali, huwaambia wamerithi kwa babu.

Sasa wakulima walewale wameniita. Wanataka Mkaguzi kwenye mabani sita. Nimekarekebisha: simu yake ni ya peke yake, haitoki bani, na mtandao ukikatika simu yangu inapiga kelele. Juzi kikaoni mwenyekiti akasema kifaa kitafaa tu, "maana sisi si wazembe kama mzee wako." Wakacheka, na Kaka naye akacheka. Baba, damu ilinipanda! Nikasimama, nikawaambia: Mzee hakusahau moto. Alipiga simu akauliza, mimi nikamwambia atulie. Kosa lilikuwa langu, na yeye alijua.

Kisha mmoja akaomba jina lake lifutwe kwenye orodha, akafuata mwingine, mpaka wakabaki wawili. Sikuwalaumu. Kaka alitoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Mama naye alikuwepo kikaoni. Alinishika mkono njia nzima mpaka nyumbani.

Nina hasira na wewe kidogo. Ungenigombeza hata siku moja, ningelisema mapema, ukiwa hai, ukasikia. Nimekukumbuka sana.

Jana nilikuwa stendi ya Namtumbo nasubiri gari la kurudi Songea. Mtu akapaza sauti nyuma yangu, "We fundi mzembe!" Watu wakageuka.

Nikaitika.

Pumzika, Baba.

Ni mimi, binti yako wa mwisho.