Juu Yetu Kuna Mvua

Kalemie, mwishoni mwa kiangazi

Kwa Yaya Kisimba, ndugu yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu, huko Kinshasa.

Kuhusu: kiwanja cha juu ya kilima, na uamuzi unaokungoja.

Yaya mpendwa,

Baada ya kukusalimu kwa heshima impasayo mkubwa, ninayo heshima ya kukuandikia kwa kusudi moja tu: kukuomba uyazuie mapanga na matofali uliyoyatuma kwenye kiwanja cha juu, mahali ambapo miti aliyoipanda marehemu Papa ingali imesimama. Nakujulisha pia kwamba barua hii si ya siri. Nimeisoma kwa sauti uani kwetu, majirani wote wa kilima wakisikiliza, kabla ya kuikabidhi kwa msafiri wa treni. Usishangae basi ukikuta ndani yake maneno yasiyo yangu peke yangu.

Unaikumbuka mvua iliyochukua jiko la Papa Kabwe, jirani yetu wa chini kabisa? Asubuhi tulimkuta amesimama ukingoni mwa korongo ambalo jana yake halikuwapo, sufuria moja mkononi. Akatutazama, mimi na wewe, akasema: "Karibuni kwangu, wanangu. Mulango uko kule chini, ndani ya ziwa." Tulicheka kwa sababu yeye mwenyewe alicheka. Lakini wewe uliacha kucheka kabla yangu. Ulilitazama korongo, ukainua macho hadi kileleni, na nadhani hapo ndipo ulipoanza kuwa mtu wa mipango.

Wiki ile ulitoka shuleni na chupa tupu ya bia. Uliijaza maji nusu, ukailaza juu ya ufito ulionyooka, ukatuambia kwamba pale ambapo maji yanatulia sawasawa ndani ya chupa, hapo ndipo mfereji upite, ukikata kilima kwa ubavu, ili mvua isishuke mbio. Watu walikuja kukutazama kama watu wanaotazama ngoma. Mama mmoja muuza samaki alikupigia kelele kutoka barabarani: "Ee, Kisimba! Ukimaliza kupima kilima na chupa, utapima ziwa na kijiko?" Ulisogeza ufito, ukasubiri maji yatulie, ukaniambia nipige kigingi. Nilipiga. Naweza kukuonyesha kilipokuwa.

Papa, aliyekuwa mtu wa reli na asiyependa maneno mengi, alipoiona kazi yako alipanda juu kabisa na kuanza kutia miche kwenye kiwanja chetu. Nawe unajua jinsi Mama alivyoikamilisha kazi hiyo, kwa kuweka desturi ambayo mpaka leo hakuna aliyeivunja: kabla ya mvua ya kwanza, kila nyumba huchimba na kusafisha mfereji wa jirani wa juu yake, wala si wake. Alisema maji yatakayokubomolea nyumba hayatoki kwako, yanatoka kwa mwenzako. Basi nenda kwa mwenzako na jembe kabla hujaenda na matusi.

Wewe ndiwe uliyeuliza swali. Tulikuwa tunakula, na ulijiona umepata njia ya kupumzika. "Sasa Mama, sisi njo wa juu kabisa. Hatuna muntu juu yetu. Tutachimba ya nani?"

Mama hakuinua hata macho. "Juu yetu kuna mvua," alisema. "Kesho munashuka kwa Papa Kabwe."

Tulishuka. Sisi wa juu kabisa tulichimba mfereji wa jirani wa chini kabisa, na kiwanja cha kileleni kikachimbwa na kilima kizima, kwa kuwa kilikuwa juu ya wote. Hivyo ndivyo duara lilivyofungwa. Yaya, nimesoma vitabu vyote vilivyofika mikononi mwangu, vingine bila jalada, vingine bila mwisho, wala sijapata kukutana na katiba iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa niruhusu nikukumbushe jambo la pili, ambalo ninyi wa Kinshasa mnaweza kuwa mmelisahau. Ni siku ile ya salongo, kazi ya lazima ya serikali, tulipoamriwa sote, Sitwayeni kama raia walivyoitwa, wakubwa kwa wadogo, kuipendezesha barabara ya stesheni kwa sababu mkubwa fulani angepita. Muda wa kupanda miti haukuwapo. Tukaambiwa tukate matawi ya maembe na kuyachomeka ardhini, mstari kushoto, mstari kulia, ili mgeni aone kwamba Kalemie ina miti. Tulichomeka. Kwa kweli kulipendeza. Mama alipita na beseni lake la ndagala, dagaa wa ziwa letu, kichwani, akasimama, akatutazama wote wawili. "Nyiye batoto, munapanda muti ama munapanda bendera?"

Kabla gari la mgeni halijafika, mbuzi walikuwa wamekwisha kula upande mzima wa kushoto. Tulitumwa kuwafukuza, na tulipokuwa tukikimbia, wewe uliniambia maneno ambayo nimeyahifadhi kuliko sala nyingi: "Mudogo wangu, siku nitaingia katika biro yao, hakuna tawi litasimama bila mizizi."

Leo umo ndani ya biro hiyo, ofisi ya wale waliotuamuru. Mlango una jina lako. Nasi tulifurahi, Mama alipika kuku. Kisha ulitutumia ujumbe, kwa mdomo wa kapita, msimamizi wa mafundi, kwamba miti ya kileleni ikatwe, msingi uchimbwe, nyumba ya ghorofa isimame ili upate pa kupumzikia siku za likizo na kulitazama ziwa. Tulipomwambia kapita kwamba kilima kitashuka, alitusomea jibu lako la mwisho: kwamba miti mingine itapandwa baadaye, na kwamba maskini hana kesho, ana leo tu.

Hapo ndipo ninapopinga. Napinga kwa heshima, lakini napinga.

Nayasikia maneno hayo hata redioni, yakisemwa na watu wenye sauti nzuri: ati nchi maskini haziwezi kupanga ya mbali, kwa sababu tumbo halingoji. Nani aliwaambia? Mama yetu hupanda muhogo ambao hatauchimba mwaka huu. Watu wa ziwani hupanda michikichi ambayo mafuta yake yatakaanga samaki wa wajukuu. Tajiri akikosea hununua kingine. Ndiyo maana anaweza kuishi bila mpango. Maskini jiko lake likienda, limekwenda. Kwa hiyo ni sisi, Yaya, hasa sisi, tusio na ruhusa ya kuishi kwa leo tu. Wasiopanga ni wale wanaotuchomekea matawi na kuondoka kabla hayajanyauka. Mradi unaokuja na kiangazi na kufa na mvua si maendeleo. Ni salongo ya barabara ya stesheni, ila sasa ina mhuri.

Wala sikatai nyumba. Shuka kidogo, pale palipo tambarare karibu na kisima, nasi tutabeba matofali yako vichwani, bila ujira na bila manung'uniko. Nakataa kilele tu. Mizizi iliyo pale haishiki kiwanja chetu; inashika kilima.

Yafaa pia ujue yaliyotokea mafundi walipofika. Mama alipanda mbele yao polepole, kwa maana goti linamsumbua, akaketi ndani ya mfereji wa kwanza, ule uliopimwa kwa chupa yako, akaanza kumenya muhogo.

"Mama, samahani," kapita alimwambia, "siye tuko tunafanya kazi tu."

"Na miye niko namenya muhogo tu," Mama alijibu. "Kila muntu na kazi yake."

Walingoja. Muhogo ukaisha, Mama akaniita nimletee mwingine. Jua lilipokuwa kali, Papa Kabwe alipanda kutoka chini na kiti chake, akaketi kando ya Mama. Wakafuata wengine. Hakuna aliyemtukana fundi hata mmoja. Mafundi waligawiwa maji ya kunywa, wakaondoka. Mchanga wao umebaki, na wameahidi kurudi mara watakapopata neno lako. Mawingu tayari yanakusanyika upande wa Moba.

Sisi hatuwezi kukizuia kiwanja kwa sheria. Wewe ndiwe mkubwa, na kwa desturi yetu hakuna anayetoa neno juu ya ardhi ya Papa isipokuwa wewe. Lakini tunaweza kukuahidi jambo moja. Ukiamua kujenga kileleni, siku ya mifereji tutapanda kama kawaida na kuchimba, hata kuuzunguka msingi wako. Nawe, kwa kuwa utakuwa wa juu, desturi itakuita ushuke uchimbe mfereji wa Papa Kabwe, katika suti yako au bila suti. Mama amekwisha kutia mpini mpya kwenye jembe lako la zamani. Limesimama nyuma ya mlango, na amewakataza watoto wasiliguse.

Kwa hiyo, Yaya, ninakuomba utoe uamuzi kabla ya mvua ya kwanza: je, kiwanja cha juu kibaki na miti yake, au kijengwe? Tafadhali jibu kwa neno lako mwenyewe. Litasomwa uani, kama barua hii ilivyosomwa.

Pokea heshima zangu zisizopungua,

Mdogo wako, aliyekufuata tumboni mwa Mama na aliyepiga kigingi cha kwanza.