Nyekundu Kulia, Kijani Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimepanga mfuko wa ukufunzi tena. Maka peni, mkasi, gundi ya karatasi, vibanio, betri za maiki, ekstensheni, pipi za koo za Mzee Maiki. Kila kitu na kijimfuko chake. Maka peni nyekundu kulia, ya kijani kushoto, na ole wangu nikikosea! Hilo jina la Mzee Maiki nimempa mimi, maana akiishika maiki haiachii. Yeye mbele anafundisha walimu, mimi nyuma kama hamali. Cheti ninacho. Sauti ninayo. Bosi anasema nisubiri mzee astaafu. Mama kaniuliza kama nasubiri azikwe na huo mfuko. Nimecheka hadi chai ikanipalia.

Jumanne, 4 Machi

Lo! Haoni!

Mkasi ulikuwa mezani, mbele ya pua yake. Akauliza, mwanangu, mkasi umeuweka wapi? Nikanyamaza makusudi. Akapapasa meza nzima, akaangusha gundi. Alipoupata akajifanya alikuwa anatania. Nikaanza kumchunguza. Kalamu hazitazami kabisa, anatafuta vijimfuko kwa vidole. Na karatasi za washiriki hunipa mimi nisome kwa sauti, eti nizoee darasa! Mimi zuzu nilidhani ananipenda.

Jumatano, 5 Machi

Kaniambia mwenyewe. Alifunga kwanza mlango wa stoo. Macho yanakwenda, daktari kasema hakuna la kufanya. Kaniomba nimsitiri hadi mwisho wa mwaka. Kazi ikiisha itabidi ahamie kwa mwanawe, na huko mke wa mwanawe hampi hata salamu. Alilia — mzee mzima! Nikamshika mkono, nikamwambia siri yake ni yangu. Akaniombea heri, mimi na kizazi changu.

Nimemsimulia mama. Kasema, sasa unangoja nini?

Alhamisi, 6 Machi

Bosi alikuja kukagua darasa. Mimi nilibadilishia nafasi kalamu mbili tu mfukoni. Mbili!

Mzee kwa madaha yake: majibu sahihi naandika kwa kijani, makosa kwa nyekundu, haya nakilini. Akaandika. Walimu wakatazamana. Mmoja wa mbele akauliza kama ni mtego. Mzee akatabasamu, akasema, mtego wa nini, jamani, si rangi mnaziona? Darasa likaangua kicheko! Na yeye akacheka nao, maskini, hajui anachekwa yeye. Ningeuza tiketi watu waje kuona.

Kisha bosi akauliza mfuko kaupanga nani. Moyo wangu paa! Mzee akajibu kapanga mwenyewe, huyu binti hakosei.

Nani alimwomba? Nimekasirika mpaka sasa. Chakula nimekula, lakini bila hamu.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi kaniita ofisini. Kuanzia Jumatatu darasa ni langu! Nimepiga vigelegele moyoni. Halafu kasema mzee nimwambie mimi, kwa kuwa tumezoeana. Mwoga mkubwa yule.

Nimeingia stoo. Mzee kakaa sakafuni, kamwaga vitu vyote, anapanga mfuko kwa kupapasa. Kasema jana nusura aniponze bure, bila shaka kalamu alizichanganya yeye alipopapasa mfuko asubuhi, kwa hiyo leo nipumzike, atapanga yeye. Nimekaa juu ya boksi la karatasi, naandika hapahapa. Sijamwambia. Acha amalize kwanza, zipu yenyewe ni ngumu.

Kauliza Jumatatu tunaanzia darasa gani. Nimejibu, lile la juu, mzee. Kasema basi nimshike mkono kwenye ngazi.

Sasa kanyoosha kalamu mbili, moja kila mkono. Nyekundu ni ipi, mwanangu?

Nimemwambia kweli. Ya mkono wa kulia. Mfuko ni wangu sasa, lazima zikae mahali pake.

Kanishukuru. Anafunga zipu. Ananyoosha mkono nimwinue.