Pilipili Isiyowasha

Puebla, Jumatatu

Fidencio,

Hali yako sikuulizi, nimeiona. Tuzo yako ya upishi umeitundika juu ya nyama, na foleni ya wageni pale kibandani kwako imefika hadi kanisani. Nilipotaka kupita mbele, mpishi wako akanifokea, "Mama, rudi nyuma kama wenzako!"

"Mimi dada yake."

"Tangu apate tuzo, dada zake wamekuwa wengi!"

Nawe ulikuwa unapigwa picha. Uliniona, ukageuza uso.

Nikapanga foleni, nikaonja taco yako: chapati ya mahindi laini, nyama tele, pilipili juu. Hiyo ndiyo pilipili ya Mama? Hata mtoto mchanga angeilamba asilie! Ya Mama ilimtoa mtu machozi, na bado akaomba nyingine. Umeitoa makali ili wageni wasikohoe?

Hapa mvua imenyesha, kuku wanataga. Mama hanyanyuki tena kitandani, na majina yetu yamemtoka. Nilimletea taco yako moja, nikamlisha bila kumwambia imetoka wapi. Akatafuna kidogo, akausukuma mkono wangu.

"Maskini," akasema, "aliyeipika hii hana mama."

Njoo kabla maneno yake hayajawa kweli.

Dada yako, hata ukinikana,
Casilda