Damu ya Mama Kwenye Kioo

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Baridi. Sampuli nyingi za damu tangu asubuhi. Naandika majina, nabandika namba. Mojawapo ni ya mama. Rovu, ule uvimbe wa shingo, linambana koo, Alhamisi atapasuliwa. Elinami, fundi wetu wa maabara, alitia plazma ya mama, yaani maji ya damu, kwenye tyubu ya kioo, akasubiri igande. Haikuganda. Akarudia. Vilevile. Sijala.

Jumanne, 6 Agosti
Upasuaji umesimamishwa, mama karudishwa nyumbani Uru. Elinami alichanganya plazma ya mama na yangu, ikaganda. Basi kuna kitu mama hana. Daktari alinieleza taratibu. Uso wa kioo una chaji hasi. Kimeng'enya kimoja cha plazma kikiugusa hujikunjua na kuanza kazi, kikaamsha cha pili, nacho cha tatu, mpaka damu inaganda. Anadhani mama hana hicho cha kwanza. Lakini ndani ya kidonda hakuna kioo. Nyama iliyokatwa ina njia yake ya kugandisha. Nilielewa. Mambo ya chaji niliyasoma kidato cha sita. Hofu haikupungua. Amesema anadhani tu.

Jumatano, 7 Agosti
Nimepanda Uru. Daktari yuko tayari kumpasua, ila anataka sahihi ya mwanafamilia, na baba alishafariki. Baba mdogo Beda, anayechinja kwenye shughuli zote za ukoo, amekataa. Alisema mbuzi ambaye damu yake haigandi kwenye sufuria ya kisusio, ile supu ya damu, ana kimeta, na huyo hufukiwa, haguswi tena na kisu. Nikamwuliza mama kama aliwahi kutoka damu nyingi. Akataja uzazi wa watoto watano, jino lililong'olewa, na mundu uliomkata mguu akikata majani ya ng'ombe. Mara zote damu ilikauka. Kisha akamgeukia Beda.

“Shemeji, mimi si mbuzi wako. Nikilala nashindwa kupumua.”

Beda alicheka kidogo. Kalamu hakuishika.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimeweka sahihi mimi. Upasuaji ni Jumatatu. Akifa, watasema msomi kamuua mama yake. Na mimi nitasema hivyo hivyo.

Jumatatu, 12 Agosti
Wamemwingiza mama chumba cha upasuaji saa tatu. Nimekosea majina ya wagonjwa wawili. Elinami kaniondoa mezani, kaniambia nikakae nje. Naogopa. Sina zaidi ya hilo.

Baadaye. Ametoka. Daktari kapita, kaitikia kwa kichwa tu. Sijui maana yake.

Jumanne, 13 Agosti
Bandeji ya shingo ina doa dogo la kahawia. Nimeligusa pembeni. Kavu. Mama amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Beda hajaja, ila kamtuma shangazi na mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai. Mama hawezi kumeza bado. Nimekunywa mimi, nikarudi kazini.