Mbiu ya Uji wa Darasa la Kwanza

Jumatano, 22 Januari

Samahani, daftari langu. Tangu nimzae Alinda sijakugusa. Ulikuwa chini ya godoro, na juu yako nimelaza nepi, mashuka, mtoto. Leo nimekutoa kwa sababu kichwa kimejaa na sina wa kumwambia.

Asubuhi kama zote. Moto umekataa, kuni mbichi. Asimwe amekula ndizi za jana, za baridi, amesimama. Nimemfunga kamba za viatu huku Alinda akininyonya. Ameondoka na wenzake kwenye umande. Ana miaka sita. Mlima wote ule.

Sijaandika kwamba mimi sasa ni mwakilishi wa wazazi wa darasa la kwanza. Walinichagua siku ya kufungua shule. Si kwa akili. Nina simu ya kupangusa, basi. Mwalimu wao, Madam Jovina, ananitumia habari za darasa, na mimi nazifikisha kwa kila familia. Kazi ndogo, walisema. Waliosema wote wanaume.

Madam ni mtu wa Muleba, huu ni mwaka wake wa kwanza hapa Kiruruma. Anaandika kwa adabu. "Wazazi wapendwa, wiki hii tunajifunza irabu." Naweka kwenye grupu la wasapu. Wanaosoma ni walewale, mwenye duka, mke wa mtendaji, na mimi. Wengine simu zao za tochi. Wengine hawana hata tochi.

Ijumaa, 24 Januari

Asimwe ameanguka mstarini.

Madam amenipigia. "Usiogope Mama Asimwe, ameshaamka. Lakini huyu mtoto ana njaa."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Si kwamba hatuna chakula. Kibanja kipo, migomba imejaa. Ila alfajiri mtoto anadonoa kama kifaranga, halafu hakuna kitu tumboni mpaka arudi mchana. Wenzake vilevile. Madam anasema ikifika saa nne wamelalia madaftari, hasa wale wa ng'ambo ya bonde.

Dawa ni uji wa saa nne. Mwalimu Mkuu anautaka. Lakini lazima wazazi wenyewe wakae, wakubaliane nani analeta nini, la sivyo atasemwa kwamba anachangisha watu kwa nguvu. Mkutano ni Alhamisi. Wasipojaa, uji ni baada ya likizo ya Aprili.

Aprili. Ataanguka mara ngapi hapo katikati?

Kuwaleta ni kazi yangu.

Jumapili, 26 Januari

Nimetangaza kanisani baada ya ibada. Basi Walutheri wamesikia. Kwa Wakatoliki nilimtuma jirani yangu Mama Novati, na mwanawe yuko darasa hilohilo. Hakutangaza. Anasema alikumbuka akiwa amepiga magoti, akaona ni dhambi kuwaza uji mbele ya altare.

Hata waliosikia wananijibu maharage. Wote wanang'oa maharage sasa. Mvua ikija ghafla yanaota yakiwa shambani. "Huo mkutano wako utanisaidia kupura?" Mwingine akasema, "Mpelekee simu yako jembe, ije ilime." Wakacheka. Sikucheka.

Jumanne, 28 Januari

Jana Madam aliwapa watoto vikaratasi vya kupeleka nyumbani. Cha Novati kimewasha moto. Cha mjukuu wa Bibi Kokugonza kimefungiwa ugoro. Bibi hajui kusoma, na Kiswahili anakisikia kwa mbali tu. Simlaumu.

Leo nimeamua kupita mwenyewe nyumba kwa nyumba. Alinda mgongoni, matope ya bonde mpaka magotini, ng'ambo huko. Nimeanza kwa Bibi Kokugonza. Amenikaribisha, amenipa kahawa ya kutafuna, ameulizia mama yangu, baba yangu, ndama wetu. Ndipo nikasema la uji. Nyumba ya pili, kahawa tena. Ukikataa umewadharau. Ukikaa, jua linakuacha. Nimerudi na mdomo mchungu na nyumba chache tu. Alinda amelia njia nzima. Na mimi nimelia kidogo, kwenye migomba, mahali hakuna mtu.

Nimechoka. Nimeandika, basi.

Jumatano, 29 Januari

Nimepata njia. Sijui kwa nini sikuiona mapema.

Hapa kwetu yuko mtu mmoja tu anayepita nyumba zote bila kukaa. Mzee Kamugisha, mjumbe wa chama chetu cha kuzikana. Kila kaya imo kwenye chama, Mlutheri kwa Mkatoliki. Akifa mtu, Kamugisha anapanda baiskeli. Haingii ndani, hapewi kahawa. Anasimama ukingoni mwa kibanja, anavua kofia, anasema wapi na lini, anakwenda. Kabla chakula hakijaiva watu wote wanajua, huku na ng'ambo.

Nimempelekea ndizi mbivu. Shikamoo yangu ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Nikamwomba apitishe neno: kesho saa tatu, shuleni, darasa la kwanza, mkutano wa uji.

Ameinamisha kichwa, amefikiri. "Mwanangu, hii miguu yangu imezoea habari moja tu."

"Tata," nikamwita kama baba yangu, "miguu haijui habari."

Amecheka, amechukua baiskeli. Jioni nimemwona kwa mbali akikata bonde. Kwangu hakupita, mimi si ndiye niliyemtuma. Leo nitalala.

Alhamisi, 30 Januari

Naandika watoto wakiwa wamelala.

Asimwe alikuwa ameshakwenda shule. Nilikuwa nafua. Nikainua macho, naona wanawake wanashuka kilima wamejifunga kanga viunoni. Wanaume na mikungu ya ndizi begani. Kuni vichwani, maharage kwenye vikapu. Kimya kabisa. Shambani hakuna jembe hata moja.

Huo ni msiba, hata mtoto anajua. Nikaacha nepi kwenye beseni, nikajifunga kanga na mimi. Kwetu hatuulizi nani. Marehemu hatajwi njiani. Tunauliza wapi. Nikamuuliza Mama Novati.

"Shuleni," akasema. "Darasa la kwanza."

Sikukumbuka Kamugisha. Sikukumbuka mkutano. Nilijua ni Asimwe. Alianguka Ijumaa wakamwinua, leo hakuinuka. Na asubuhi nilimfokea kwa ajili ya soksi.

Nilikimbia. Kandambili ilibaki njiani. Alinda anapiga kelele mgongoni, watu wananipisha, hakuna aliyenishika. Nilikuwa nasema soksi, soksi, kama mwendawazimu.

Nikafika mlangoni. Madam ameshika chaki. Watoto wanaimba a, e, i, o, u. Asimwe yuko mbele, anatafuna penseli. Akanipungia mkono.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Nyuma yangu vilio vikaanza uwanjani. Madam akatoka mbio na chaki yake. "Poleni jamani, poleni. Nani amefariki?"

Watu wakanyamaza wote kwa pamoja. Bibi Kokugonza alikuwa mbele na kikapu chake, ametoka ng'ambo kwa mguu. Akamtazama Madam kuanzia nywele mpaka viatu. Akasema kwa Kinyambo, taratibu, "Ni wewe, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kamugisha alipita jana jioni, watoto wote wako majumbani, wazima. Sasa nani amekufa shuleni, darasa la kwanza? Madam. Nyumba za walimu ziko palepale shuleni. Hata waliokuwa wanajua habari ya mkutano walisema maskini, amekufa kabla ya mkutano wake.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Rwegasira, akamgeukia Kamugisha.

"Nilisema mkutano," Kamugisha akajitetea. "Nani alinisikiliza? Nikivua kofia tu, mama ameshashika kichwa."

"Kofia uliivulia nini?"

"Niwasalimie watu na kofia kichwani, mimi?"

Wengine walianza kucheka. Rwegasira hakucheka. Akauliza nani aliyemtuma. Nikasimama na vumbi langu. Nikasema ni mimi.

Akasema nimecheza na kifo. Akasema siku Kamugisha atakapokuja na habari ya kweli, watu watabaki kupura maharage, na maiti itakuwa ya nani? Ni kweli. Nikasema lile nililokuwa nalo. Kwamba mwanangu alianguka kwa njaa pale mstarini. Kwamba nimewaita kwa simu, kanisani, kwa karatasi, kwa miguu yangu. Kwamba aliyekufa mnamwendea na mkungu mzima, aliye hai mnasema ana nini, asubiri maharage.

Hakuna aliyecheka tena. Nikaona nimepita kiasi. Wanaume wakaanza kuinua mizigo yao warudi. Moyo ukaniambia, umeua uji kwa mkono wako.

Bibi Kokugonza hakuinua. Alivuka uwanja, akaweka kikapu chake mlangoni mwa jiko la shule, akajifuta mikono. Chakula kilichotolewa nyumbani kwa ajili ya msiba hakirudi nyumbani. Ukirudi nacho, unauita msiba kwako. Wote tumekua tukijua hivyo.

Mwenye mkungu begani akasimama katikati. Akautazama mkungu. Akaenda akauweka. Halafu mwingine. Halafu kuni.

Mwalimu Mkuu ni mtu mwepesi. Alitoa mabenchi nje, akasema kwa kuwa tumekwisha kukutana, tukae. Madam akaongeza, "Mimi marehemu nawakaribisha." Hapo hata Rwegasira aliziba mdomo kwa kofia.

Mkutano ulikuwa mfupi. Mahindi baada ya kila mavuno, ya kuanzia yaletwe na kusagwa kabla ya Jumatatu, maharage kidogo, kuni kwa zamu. Wameridhia, hata wa ng'ambo. Uji uanze Jumatatu.

Na mimi nimepewa adhabu na chama. Nitaukoroga mwenyewe mpaka mwezi wa pili uishe. Nimekubali. Ningekubali mpaka Desemba.

Watoto wamekula ndizi na maharage ya mazishi ya mwalimu wao. Asimwe ameongeza.

Ijumaa, 31 Januari

Mwili wote unauma. Nimeirudia ile njia, kandambili yangu nimeikuta imetundikwa kwenye mgomba.

Baba Asimwe amepiga simu kutoka Isingiro, wilaya ya Kyerwa, anajenga huko. Ameuliza kama ni kweli mwalimu wetu amefufuka. Habari nzuri haikuvuka bonde wiki nzima, hii imefika Kyerwa kwa siku moja.

Nimekwenda kumwomba radhi Mzee Rwegasira. Nilipiga magoti vizuri. Alinipa kahawa, nikaitafuna yote, sikuharakisha. Akasema jambo lile lisirudiwe, lakini njia ya kupeleka habari ni nzuri, tusiitupe. Tumepatana hivi. Habari za watoto, Kamugisha atakuja na kofia kichwani, akipiga kengele ya baiskeli. Ile nyingine, atakuja kimya kama zamani.

Kamugisha amekubali. Kuhusu kofia bado anaona ni utovu wa adabu.

Jumamosi, 1 Februari

Kengele imepita asubuhi hii. Nilikuwa kwenye migomba na Mama Novati. Alishtuka, akashika kichwa, halafu akasikiliza. Akaitikia, "Unasemaje, Tata?" Kamugisha akasema habari zake mpaka mwisho: Jumatatu uji, kila mtoto na kikombe chake, na wiki ijayo wanaanza kuandika majina yao.

Mama Novati akashusha mikono kichwani. Halafu akasema, "Kumbe wanasoma."

Jumatatu, 3 Februari

Uji wa kwanza. Umeshika chini kidogo. Mwiko ni mfupi, moshi wote umenijia machoni. Alinda nilimlaza kwenye kanga karibu na mlango, akalia mpaka nikamfunga mgongoni, na moto mbele. Si vizuri. Watoto walikaa kwenye nyasi. Wengine walikunywa kwa vifuniko vya chupa za chai, wa ng'ambo wawili wamegawana kikombe kimoja. Baada ya saa nne nilichungulia darasani. Hakuna aliyelala. Asimwe ameandika A ya jina lake, kubwa, inaegemea upande kama mtu aliyechoka.

Mvua imenyesha jioni, ndogo. Maharage yako ndani.

Kesho Kamugisha anapita. Nimwambie yanayotakiwa yaletwe bado:

Vikombe, hasa kwa watoto wa ng'ambo. Vya plastiki, vya bati vinaunguza midomo.

Mwiko mrefu.

Kuni kavu. Za mkaratusi mbichi zisiletwe, nitazirudisha.

Chumvi. Sukari mwenye nayo.

Mkeka, nyasi zina umande.

Na mtu mmoja, yeyote, wa kunishikia Alinda wakati nakoroga.