Sikumuuliza mama

Jumamosi, Butembo. Saa nne asubuhi na ukungu bado umekaa juu ya mabati. Nimevaa sweta mbili na miguu bado ni ya baridi. Kwetu Beni saa hizi watu wanatafuta kivuli.

Nimeanguka.

Nimelisema mapema kabla sijaanza kutafuta maneno mazuri. Kazi yangu ya kwanza kubwa katika masomo ya ukunga ilirudi jana na alama nne juu ya ishirini, na chini yake kwa wino mwekundu: irudiwe. Mimi niliyesaidia wanawake kuzaa miaka tisa kule Mulekera, mtaa wetu wa Beni, siku nyingine huku risasi zikisikika upande wa mashamba. Nilikuja hapa nikidhani ninachokosa ni karatasi ya diploma tu. Kiburi hicho nilikipandisha pikipiki pamoja na godoro langu.

Alama peke yake ningezimeza. Lakini waliopita wanapelekwa Beni na gari la shule lenye ulinzi, kwa staji, kujizoeza kazi hospitalini mpaka Noeli, na jina langu lilikuwa kwenye orodha. Sasa limefutwa. Nikirudisha kazi Jumatano na ikikubaliwa, linaandikwa tena. Nikianguka mara ya pili, nabaki hapa mpaka Pasaka.

Kutoka hapa mpaka Beni hata kilomita sitini hazifiki. Mara tatu nimefunga begi, na mara tatu mume wangu amenipigia simu nisipande gari, barabarani wameua watu. Miezi saba sijamwona. Sijamwona binti yetu, ambaye meno mawili ya mbele yameng'oka na sasa akinisimulia mambo kwenye simu anapiga mluzi bila kutaka. Sijamwona mama yangu, ambaye tangu akimbie vita kule Mutwanga anaishi kwetu na anaanika kakao uani kila kukicha. Ile harufu kali ya kakao mbichi niliilalamikia sana. Leo naitamani.

Basi, kosa lenyewe. Tuliambiwa kila mmoja achague mzazi mmoja maternite, wodi ya wanaojifungua, aandike habari za uzazi wake tangu mimba ya kwanza. Nilimchagua Mama Furaha, mkimbizi kutoka vijiji vya ng'ambo ya Beni. Alikuwa amejifungua mvulana na kumwita Kakule. Pembeni ya kitanda alikuwepo binti yake wa miaka kama sita, Masika.

Sasa kwetu Wanande, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Masika ni msichana wa kwanza. Kakule ni mvulana wa nne. Ukijua majina, umejua hesabu. Na mimi nililelewa kwamba mtu hahesabu watoto wa mwenzake mbele yake, eti anawaitia balaa. Kwa hiyo sikuuliza. Niliandika: wavulana wanne, msichana mmoja, walio hai watano. Nilijiona mwerevu na mwenye adabu kwa pamoja. Wale watatu wasioonekana niliwaweka kwa bibi yao, kichwani mwangu.

Mwalimu wetu ni mama wa Kisangani, hana mchezo, na majina yetu hayamwambii kitu. Kila kazi anaibeba mpaka kitandani kwa mzazi na kuisoma upya pamoja naye. Alipofika kwenye "walio hai watano", Mama Furaha alimwambia ni wawili. Mvulana wa kwanza alikufa kwa homa. Wa pili na wa tatu walikwenda shamba na baba yao, wakauawa huko wote watatu.

Niliandika kwamba marehemu wako hai kwa sababu niliona haya kufungua mdomo.

Jana alasiri nilirudi kuomba msamaha. Mama Furaha alikuwa ananyonyesha, akanisogezea nafasi kitandani.

"Ule mwalimu wako aliniuliza majina yabo, moya moya," akaniambia. "Tangu tulikimbia, hakuna mutu aliniuliza. Banasemaka tu pole, pole."

Halafu akaanza kunisimulia mwenyewe. Huyu wa pili aliogopa mbuzi mpaka akawa kichekesho cha kijiji. Huyu wa tatu alikataa kula maharagwe yasiyo na chumvi nyingi. Alicheka akisimulia, kisha akalia, kisha akaendelea. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia watoto, na mimi ndiyo kwanza najifunza.

Leo asubuhi nilikaa kuandika upya. Juu ya ukurasa tunatakiwa kuweka jina la mwanafunzi. Niliandika Kabuo, jina langu, na kalamu ikasimama hapo.

Kabuo ni msichana wa tatu. Nyumbani kwetu sijawahi kuwa na dada.

Miaka thelathini na nne naitikia jina hilo, na sijawahi kumuuliza mama wale wawili walionitangulia walikwenda wapi. Nikampigia simu Beni, nikamuuliza.

"Rudia kwanza huku nyumbani, mama," akasema, maana mama yangu naye huniita mama. "Ile hapana ya kusema ku simu. Tutakala chini, nitakuambia bote babili."

Hakukata simu. Na mimi sikukata. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake kuku, na mtu akifagia, mpaka laini ikajikata yenyewe.

Mama ana miaka sabini na miwili na kifua hakimpi raha. Barabara siwezi kuifanya kitu. Kazi ya Jumatano naiweza, na sasa imefika kurasa sita, na wale wavulana watatu wa Mama Furaha wamo kwa majina yao.

Ee Mungu, nipitishe. Nataka nifike Beni mama yangu akiwa bado ana sauti ya kunijibu.